Mtu wa Kuitikia

Kazi ya kutafuta wasanii nilipewa kwa sababu mbili: nilikuwa na shahada, na sikuwa na kazi. Karatu imejaa watu wa aina yangu. Wengine wamekuwa madalali wa vitunguu, wengine wanasimama barabarani kuwapungia wageni vinyago. Mimi nilikuwa nakaa kwa shangazi nikibishana na redio. Kwa hiyo mwezeshaji alipofika kutoka Dar es Salaam akiulizia kijana "anayeielewa jamii", shangazi alinitaja mimi, nadhani ili apumzike.

Mwezeshaji alikuwa mama wa makamo mwenye mtandio mkubwa shingoni, ambao hakuuvua hata jua la saa saba. Alisema anaandaa warsha ya siku nne kwenye hoteli moja iliyo katikati ya mashamba ya kahawa, juu ya mji. Wachoraji, wacheza dansi, washona shanga na washairi wa jadi wangekaa chumba kimoja, wazungumze, kisha waumbe kitu kwa pamoja.

"Waumbe nini?" niliuliza.

"Hilo ndilo tutakalogundua."

"Na tusipogundua?"

Akaandika kitu kwenye daftari lake. Baadaye nilichungulia. Aliandika kwamba nina nguvu nzuri.

Nilimtafutia watu. Wa kwanza alikuwa mchoraji tuliyesoma naye shule ya msingi, ambaye huchora bonde la Ngorongoro kwa ajili ya watalii, na katika kila picha huweka twiga. Kila dereva wa Karatu anajua kwamba chini bondeni hakuna twiga. Mchoraji naye anajua. "Mgeni anataka twiga," aliwahi kuniambia. "Mimi nani nimnyime?" Wa pili alikuwa mama wa Kimasai kutoka Kakesio, mshona shanga, ambaye sote tulimwita yeyo, yaani mama kwa lugha yao. Mwezeshaji mwenyewe alikuja na kijana wa Arusha anayecheza dansi ya kisasa, ile ya kutembea pekupeku polepole kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Walikuwepo na wengine, kama ishirini hivi, wengi wao wapiga picha za kila walichokiona.

Na alikuwepo baba mkubwa wangu kutoka Endabash.

Kwetu Wairaqw, shughuli ikiisha, iwe ni nyumba mpya au pombe ya mavuno, mzee mmoja husimama akasema slufay. Ni maneno marefu ya kuomba na kubariki: mvua ije, mifugo izae, maradhi yapite mbali. Huyasema kwa kasi, na kila anapofika mwisho wa mstari waliokaa humwitikia kwa sauti moja nzito ya kifuani. Utotoni nililala usingizi mwingi katikati ya slufay. Chuoni niliandika insha kwamba ni mbinu ya wazee kushikilia mamlaka, na mwalimu akanipa alama nzuri. Wala yeye hakuwahi kufika Endabash.

Baba mkubwa alikuwa msemaji wa slufay anayeitwa vijiji vitatu, na alijua hivyo. Msemaji wa kijiji cha jirani yeye alimwita mkoromaji. Lakini miaka miwili kabla ya warsha, jirani yake aliyekuwa akiongoza kuitikia, mtu waliyezoeana tangu ujana, aliumwa magoti akahamishiwa kwa mwanawe Babati. Waliobaki walikuwa wanaitikia wakichati. Halafu ukaja mtindo wa kukodi mshereheshaji mwenye spika, ambaye akimaliza kutangaza keki humwachia katekista aombe kwa dakika mbili, basi. Baba mkubwa akaacha kuitwa. Tangu jirani aondoke, hakuwahi tena kusema slufay yake hadi mwisho. Alikuwa akianza, watu wanapoa, anakatisha kwa kisingizio cha kifua.

Nilipokwenda kumwalika, hakuuliza warsha ni nini wala nani anaiandaa.

"Kuna watu wa kuitikia?" aliuliza.

"Wapo ishirini."

"Sijauliza idadi."

"Wataitikia, baba mkubwa. Ni wasanii."

Nilisema hivyo bila kumuuliza mtu yeyote. Nilitaka idadi ya wasanii itimie. Yeye akaingia ndani kutafuta koti lake la harusi.

Siku ya kwanza tulikaa kwenye mduara. Mwezeshaji alitupa donge la uzi wa sufu, na kila aliyelidaka alitakiwa kusema anajisikiaje. Lilipomfikia baba mkubwa, alilitazama akauliza kama ni la kufumia sweta. Akaambiwa ni alama ya uhusiano wetu. Akalitia mfukoni mwa koti, na mchezo ukaishia hapo.

Kisha tukaulizwa swali kubwa: kazi yako inabeba ujumbe gani?

Kijana wa dansi alizungumza muda mrefu kuhusu mwili kama ardhi iliyonyang'anywa. Mchoraji akasema yake inabeba twiga. Yeyo alikuwa na mkufu mpana mapajani, shanga nyeupe, nyekundu na buluu, na hakuacha kushona hata wakati wa swali.

"Hii ni ya shingoni," alisema.

"Ndiyo, mama, lakini inasema nini?"

"Haisemi. Anayevaa ndiye anasema."

Wapiga picha walifurahi sana. Baba mkubwa naye alipoulizwa, alijibu kwamba atakaposema watasikia, na kama hawatasikia, kosa halitakuwa lake. Hakuna aliyemwelewa, mimi nikiwa wa kwanza.

Baada ya chai tuligawiwa vikaratasi vya rangi vyenye gundi nyuma, kila mtu aandike neno moja abandike ukutani. Ukuta ukajaa "mizizi", "uponyaji" na "safari". Yeyo hakusoma shule. Aliutazama ule ukuta kwa uchungu, akainuka, akaanza kuvibandua na kuvipanga upya kwa rangi, kwa sababu, aliniambia pembeni, njano ile ilikuwa imekaa vibaya na ile pinki na ilikuwa inamuumiza macho. Mwezeshaji alisimama nyuma yake akiwa amejishika kifua. Mchana wote tulijadili namna yeyo alivyovunja utawala wa maneno. Yeye alikuwa amesharudi kwenye mkufu wake.

Chakula ndicho kilichomshinda baba mkubwa nguvu. Hoteli ilikuwa na siagi iliyofinyangwa kama vijiua, na mikate midogo ya moto. Alikula siagi kwa kijiko. Aliniuliza kama warsha hizi huwa za siku nne tu.

Siku ya pili ilikuwa yake. Mwezeshaji alitaka akae kwenye kigoda cha miguu mitatu, ngozi ya ng'ombe chini, mishumaa imewashwa ingawa ilikuwa asubuhi.

"Kwa nini nikae?" aliuliza baba mkubwa. "Slufay husemwa umesimama."

"Kigoda kitaleta mazingira, mzee wangu."

"Basi kaa wewe."

Alisimama. Akafunga vifungo vyote vya koti, akakohoa, akaanza. Sauti yake ilikuwa na mchanga kidogo mwanzoni, kisha ikafunguka, na lazima nikiri kwamba hata mimi niliyeiita mbinu ya mamlaka nilikaa sawasawa kitini. Akafika mwisho wa mstari wa kwanza, akaacha nafasi.

Kimya.

Watu ishirini walimtazama kwa heshima kubwa. Wengine walikuwa wamefumba macho. Simu zote zilikuwa juu zinarekodi, na hakuna aliyetaka sauti yake iharibu rekodi. Baba mkubwa akatupa mstari wa pili, kwa nguvu zaidi, akaacha nafasi. Kimya. Nilijua ilinipasa kuitikia. Lakini peke yangu, mbele ya kamera zile, na sauti yangu ya kubishana na redio? Nikatazama viatu vyangu.

Mstari wa tatu aliufikisha nusu. Akakatisha, akatugeukia upande mmoja, akatugeukia wa pili, kama mtu aliyebisha hodi nyumba yenye taa akakosa kuitikiwa. Akakaa, kwenye kile kigoda alichokikataa.

Makofi yakalipuka. Kijana wa dansi alikuwa anafuta machozi.

"Mmeona alivyotumia ukimya?" alisema mwezeshaji kwa kunong'ona. "Mmeona alivyotuachia sisi tuujaze?"

Yeyo, aliyekuwa karibu yangu, hakupiga makofi. "Mbona mnamwacha?" aliniuliza. "Kwetu mtu akiimba peke yake namna hiyo, amefiwa."

Nilimfuata baba mkubwa nje. Alikuwa anatazama mibuni kama anaikagua.

"Wale watu wanaumwa?" aliuliza.

"Walikuwa wanakuheshimu."

"Nimeomba mvua, hakuna aliyesema ndiyo. Nimeomba watoto, hakuna aliyesema ndiyo. Sasa ule ukumbi wao nimeuacha na nini?"

"Baba mkubwa, ni maneno tu. Mvua haisubiri hoteli iitikie."

"Mimi ndiye ninayesubiri," alisema. "Uliniambia wataitikia."

Mchana huo hakula. Mhudumu alimletea siagi ya ziada bila kuombwa, na akairudisha. Hapo ndipo nilipoogopa.

Nilikwenda kwa mwezeshaji nikamweleza kwamba haukuwa ukimya wa kisanaa, ilikuwa ni sisi kushindwa kazi yetu. Nikamweleza namna ya kuitikia. Alinisikiliza huku ameinamisha kichwa upande.

"Nakuelewa kabisa," alisema. "Lakini sitaki tuingilie kazi yake. Tumpe nafasi."

"Nafasi anayo tele. Hana watu."

Akafikiri. Akapata wazo, na wazo lilikuwa kijana wa dansi. Kijana angemwitikia mzee kwa mwili.

Kwa hiyo jioni, kabla giza halijaingia, baba mkubwa alishawishiwa kusimama tena. Nilimshawishi mimi. Nilimwambia safari hii kuna mtu ameandaliwa maalumu. Alisema mstari wa kwanza, akaacha nafasi, na kijana akajiviringisha sakafuni kutoka kwenye kabati hadi miguuni pake, akikunja vidole na kuvikunjua, akihema kwa sauti.

Baba mkubwa alirudi nyuma hatua mbili.

"Tumbo limemkamata huyu," alisema. "Mpeni maji. Ni ile siagi."

Mchoraji alitoka nje kucheka. Mimi nilicheka humo humo ndani, nikaacha ghafla, kwa sababu baba mkubwa alikuwa anavua koti. Alilikunja vizuri, bitana juu, kama mtu anayelirudisha sandukuni. Akaniambia kesho nimtafutie bodaboda ya kwenda Endabash. Hakunilaumu kwa lolote. Angenilaumu ningejibu, kujibu nakuweza.

Siku ya tatu ratiba ilisema wasanii wote washuke bondeni kutafuta msukumo. Magari yalikuja alfajiri, ukungu ukiwa bado umelala juu ya barabara ya lango. Baba mkubwa alikataa kupanda.

"Nililiona bonde nikiwa kijana," alisema. "Halijahama."

Yeyo naye alikataa. Mwezeshaji alishangaa. Mama, si utafurahi kuona wanyama?

"Mimi natoka huko, na wanyama nawaona nyumbani," alisema yeyo. "Ng'ombe wangu wamekatazwa kushuka bondeni, mimi nishuke kufanya nini? Kuwasalimia pundamilia?"

Mwezeshaji akaandika kwenye daftari.

Tukabaki watatu, hoteli nzima kimya, na bodaboda niliyempigia akasema yuko Mang'ola, atafika saa tano. Kwenye saa nne njaa ya siku nzima ilimshika baba mkubwa, naye hakutaka kukaa tena katika ukumbi ule. Akaufuata moshi hadi jikoni, sisi nyuma yake.

Jikoni palikuwa na watu saba au wanane wanaomenya viazi na kuosha masufuria. Mpishi mkuu, mtu mnene mwenye kofia ndefu nyeupe, aligeuka kutufukuza. Akaliona koti mkononi mwa baba mkubwa. Akamsalimia baba mkubwa kwa Kiiraqw, akamuuliza wa wapi. Endabash. Wa ukoo gani. Akatajiwa. Mpishi akaweka kisu chini.

"Wewe ndiye uliyesema kwenye nyumba ya mjomba wangu," alisema. "Nilikuwa mdogo. Ulisema mpaka mbuzi wakanyamaza."

"Mbuzi walikuwa wameshachinjwa," alisema baba mkubwa, lakini niliona amesimama vizuri zaidi.

Kumbe karibu jiko lote lilikuwa la Wairaqw: huyu wa Mbulu, yule wa barabara ya Endabash, yule dada wa kuosha vyombo binti wa mzee wa kanisa. Siku mbili tulikuwa tumetafuta watu wa kuitikia, nao walikuwa nyuma ya mlango wa kusukuma, wakitufinyangia siagi. Mpishi aliuliza mzee amefuata nini hotelini. Yeyo akajibu kwa Kiswahili chake.

"Amesema maneno jana, wale wa kamera wakamtumbulia macho. Ameyaacha yananing'inia. Tangu jana hali."

"Nao walikuwa kimya?" aliuliza dada wa vyombo.

"Walipiga makofi."

Jiko zima lilimtazama baba mkubwa kwa huruma, kama wamesikia ameibiwa.

"Yeyo, na nyinyi mnajua mambo yetu?" mpishi akamtania, maana zamani Wamasai walituibia sana mifugo. "Nilidhani mlijua ng'ombe zetu tu."

"Tulizichukua nyingi," alisema yeyo. "Mlikuwa mnalia kwa kuitikiana. Ndiyo tukajua mnaweza."

Walicheka hadi sufuria ikafurika. Mpishi akazima majiko mawili, akafuta mikono, akamwambia baba mkubwa aseme, wageni watakula saa nane badala ya saba, hawatakufa. Mtu akakimbia kumwita askari wa geti, kwa kuwa askari alikuwa na kifua kizuri.

Nilitoa simu. Mpishi aliniona.

"Weka hapo," alisema akionyesha pipa la unga. "Hapa tunataka sauti, hatutaki mpiga picha."

Baba mkubwa alivaa koti. Hakufunga vifungo. Akaanza na mstari ule ule wa jana, na alipouachia, jiko liliitika. Haikuwa kelele, ilikuwa kitu kizito cha chini, vifuniko vya sufuria vikatetemeka kidogo juu ya rafu. Nilimwona akishtuka. Kisha akakimbia. Sijui neno jingine. Mistari ilitoka ikikanyagana, mvua, mtama, ng'ombe mwenye ndama, mgonjwa wa Babati na magoti yake, na kila aliporusha walidaka. Mengi sikuyaelewa. Kiiraqw changu ni cha kuomba chai. Yeyo hakuelewa hata moja, lakini alikuwa anaitikia mahali pake hasa, sindano ikiwa bado mkononi.

Mimi niliingia mapema. Mara ya kwanza mpishi alinitazama. Mara ya pili alinipiga kiwiko.

"Unajibu hajamaliza," alininong'oneza. "Subiri mtu amalize."

Hakuna mwalimu aliyewahi kunisahihisha hivyo. Chuoni, aliyeingia mapema ndiye aliyesifiwa.

Alisema hadi mwisho. Sikuangalia saa, nilijua tu kwamba bodaboda ilikuwa imefika nje na kupiga honi, ikachoka, dereva akaja akasimama mlangoni na helmeti mkononi, naye akaanza kuitikia. Mstari wa mwisho ulipofungwa, hakuna aliyepiga makofi. Mpishi akawasha majiko. Baba mkubwa akakaa juu ya gunia la viazi, jasho likimtoka, akaomba siagi.

Akala mikate sita. Dereva wa bodaboda akaambiwa asubiri, akapewa mitatu.

Magari yalirudi saa saba, watu wamejaa vumbi na msukumo. Mwezeshaji alikuwa anamuuliza mchoraji twiga wako wapi, mbona asubuhi nzima hawajaona hata mmoja.

"Walikuwa likizo," alisema mchoraji.

Habari za jikoni zilimfikia mwezeshaji kabla hajanawa uso. Akaja mbio mbio, mtandio ukimfuata, wapiga picha nyuma. Aliwataka wapishi waje ukumbini na kofia zao, wapangwe nyuma ya mzee, mwanga bado mzuri.

"Nimeshamaliza," alisema baba mkubwa.

"Lakini mzee wangu, sisi hatukuwepo."

"Jana mlikuwepo."

Alimuaga vizuri, akamshukuru kwa chakula, akampa lile donge la sufu kutoka mfukoni, akapanda bodaboda. Kesho yake mwezeshaji aliniomba niandike taarifa ya siku ya tatu. Niliandika kwamba wasanii walikwenda bondeni na kwamba hotelini hakukuwa na shughuli yoyote. Aliikubali. Aliongeza mwenyewe sentensi kuhusu ukimya.

Wiki iliyofuata nilikwenda Endabash kumpelekea baba mkubwa picha aliyoipenda, ile aliyopigwa akiwa na sahani. Aliitazama, akairidhia. Akaniambia mtu mmoja wa karibu na barabara amemaliza kujenga nyumba, na kwamba mpishi alimpigia mjomba wake simu, na mjomba akapiga simu kwa huyo mtu, sasa wanamtaka yeye, mshereheshaji asifungue mdomo. Jumapili.

"Mtu wa kuitikia umepata?" niliuliza.

"Ulijibu mapema mara nne," alisema.

"Mara mbili."

"Nne. Nilikuwa nahesabu."

Nilitaka kumuuliza iweje aombe mvua na kuhesabu makosa yangu kwa wakati mmoja, na kama kweli anaamini mvua inasikia, na kwa nini basi mwaka juzi mbaazi zilikauka. Alikuwa ananisubiri nianze, namjua.

"Jumapili uje," alisema. "Ukiwa na maswali, yalete Jumatatu."